"I live" au "I leave"? Namna ya kuzoeza masikio na mdomo irabu za Kiingereza

Mtu wa Dodoma akiulizwa na mgeni anaishi wapi, hujibu, "I live in Dodoma." Sarufi iko sawa, maneno yako sawa. Lakini anachosikia mgeni mara nyingi ni "I leave in Dodoma", kana kwamba kuna safari ya kuondoka inayotajwa, na mgeni anabaki akijaribu kuunganisha. Akiongeza kwamba anafanya kazi Mtumba, "I work at Mtumba", neno "work" linatoka kama "walk", na sasa inaonekana anakwenda kwa miguu. Sentensi mbili, irabu mbili, na mazungumzo yamekwama kabla hayajakolea.

Nafundisha Kiingereza cha mazungumzo jioni kwa watu wazima hapa mjini: wahudumu wa hoteli, madereva wa bajaji, wanachuo wa UDOM wanaojiandaa na usaili, vijana wa Kondoa wanaotaka kuongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Waliopita sekondari walifundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Hata hivyo, ni nadra kukutana na aliyewahi kufundishwa namna ya kuzisikia irabu za lugha hiyo. Walifundishwa kusoma herufi, basi. Inaniuma, kwa sababu jambo hili linafundishika, halina gharama kubwa, na mtu akilipata huanza kuongea bila kumeza maneno.

Simtaki mtu aige Uingereza. Lafudhi ya Kitanzania ni halali na inaeleweka vizuri. Ninachotaka ni kwamba ukikusudia "live" isikike "live". Mwongozo huu unaanza na masikio, mdomo unafuata, na naomba usiupindue mpangilio huo.

Hatua ya 1: Jua masikio yako yanafanya nini

Kiswahili kina irabu tano. Kigogo nacho kina tano. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu inayotumika sana katika vitabu vya matamshi, kina irabu 20: 12 zinazotulia mahali pamoja mdomoni, na 8 zinazoanzia sehemu moja na kuteleza hadi nyingine. Herufi za kuziandikia ni zilezile a, e, i, o, u.

Mtoto mchanga anaweza kutofautisha sauti nyingi hata za lugha ambazo nyumbani kwao hazisemwi. Kufikia umri wa mwaka mmoja uwezo huo huwa umeanza kupungua, kwa sababu ubongo wake unajikita kwenye sauti anazozisikia kila siku. Aliyekulia Kiswahili ana masanduku matano ya kupokelea irabu, na irabu ngeni ikiingia ubongo unaitupa kwenye mojawapo, upesi, bila kumshauri mwenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa "ship" na "sheep" ni tofauti na wewe husikii chochote, masikio yako ni mazima. Yanafanya kazi yaliyofundishwa.

Ushahidi uko katika maneno tuliyokopa. "Nurse" na "shirt" zina irabu moja kwa Kiingereza, ileile kabisa. Sisi tukasema nesi na shati: ilipokosa sanduku lake, mara ikaangukia kwenye e, mara kwenye a. Halafu tazama begi, benki, betri, mechi, gesi na trekta, ambako irabu ya Kiingereza iliangukia kwenye e, ilhali basi, klabu na pampu zikapata a. Waliokopa maneno hayo kwa sikio waligundua kwamba irabu ya "bag" si ile ya "bus". Naamini tuliipoteza tofauti hiyo tulipoanza kujifunza Kiingereza kwa ubao na daftari, tukaona herufi a katika "bag" na kuisoma kwa a yetu. Shika orodha hiyo ya begi na basi, tutaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Andaa vifaa, kisha weka herufi pembeni

Unahitaji simu yenye rekoda, hedifoni za kawaida, kioo kidogo, na daftari. Kamusi ya Cambridge iko mtandaoni bure, na kila neno lina alama mbili za spika, moja ya matamshi ya Uingereza na nyingine ya Marekani. Chagua upande mmoja na ubaki nao wakati wa mazoezi. Nawashauri wanafunzi wangu upande wa Uingereza kwa kuwa ndio uliozoeleka shuleni kwetu. Upande wa Marekani si makosa, ila irabu ya "cot" kule huelekea a, na herufi r husikika hata mwishoni mwa neno kama "car", mambo ambayo yatakuchanganya ukirukaruka.

Pembeni ya neno utaona alama za fonetiki ndani ya mistari miwili ya mshazari. Usiziogope. Saba tu za irabu ndizo nitakazokuonyesha hapa, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika, jambo ambalo herufi za Kiingereza haziwezi kukuahidi. Angalia "ea" peke yake: seat, bread, great, heart, learn. Maneno matano, sauti tano. Sababu yake ni ya kihistoria. William Caxton alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati ambapo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama mdomoni, mabadiliko yaliyoendelea hadi karibu mwaka 1700. Maandishi yakabaki nyuma, sauti zikaendelea na safari. Sisi tuliozoea kwamba kinachoandikwa ndicho kinachosomwa inabidi tulikubali hili mapema: neno jipya la Kiingereza lisikie kwanza, ndipo uliangalie lilivyoandikwa.

Rekodi ukiwa ndani, dirisha limefungwa. Upepo wa Dodoma, hasa kuanzia Juni, huingia kwenye kinasa sauti cha simu na kufuta tofauti ndogondogo unazozitafuta.

Hatua ya 3: Sikia kabla hujasema

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama kazi. Mtu anataka kufungua mdomo. Lakini asiyesikia tofauti hawezi kujisahihisha. Leo atapatia kwa bahati, kesho atakosea, na siku zote mbili hatajua lipi limetokea.

Tafuta mwenzako mmoja. Andika "live" upande wa kushoto wa ukurasa na namba 1 chini yake, "leave" upande wa kulia na namba 2. Mwenzako ashike simu yenye kamusi, akupe mgongo, abonyeze spika ya neno mojawapo bila wewe kuona. Unainua kidole kimoja au viwili. Anakuambia palepale umepata au umekosa, na ukikosa anarudia neno lilelile ili sikio lirekebishe. Fanyeni mara ishirini, kisha badilishaneni. Jibu lije palepale. Likichelewa hadi mwisho wa zoezi, sikio halijui linarekebisha nini.

Jioni moja dada anayefanya kazi mapokezi ya nyumba ya wageni aliweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, hii spika inarudia neno moja tu." Nikamwambia, "Haya dada, acha kusikiliza urefu. Sikiliza kama sauti imekaa kwenye i yetu, au inainama kidogo kuelekea e." Tukarudi: live, live, leave, live. Kidole chake kimoja kilipanda, kikasita, kikapanda tena. Kwenye "leave" cha pili kilinyooka kabla spika haijamaliza neno. Hakuwa amepata masikio mapya. Alikuwa amepata kitu cha kusikilizia.

Msitumie sauti ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Marekani waliwazoeza Wajapani kusikia tofauti ya r na l za Kiingereza, tofauti ambayo Kijapani hakina, na ikaonekana kwamba kusikia wasemaji wengi tofauti kunalisaidia sikio kuitambua sauti hata kwa mtu lisiyemzoea. Kwa hiyo ongezeni kamusi ya Oxford, ongezeni wasomaji wa habari, mwanamke na mwanamume. Vinginevyo utamjua msemaji wa Cambridge na kuwakosa wageni wako.

Ukiwa peke yako, washa sehemu ya kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya simu, weka lugha ya Kiingereza, tamka neno mojamoja uone simu imeandika nini. Ni msaada, wala si hakimu. Ukisema sentensi nzima, simu hubahatisha kutokana na maana na inaweza kukupa sifa usizostahili.

Ukipata kumi na nane kati ya ishirini, sogea kwenye mdomo.

Hatua ya 4: I mbili

Alama zake ni /iː/ ya "leave" na /ɪ/ ya "live". Tuliambiwa moja ndefu, nyingine fupi. Ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayotukwamisha. Mwingereza huifupisha irabu inapofuatwa na p, t, k, s au f, na kuiacha irefuke inapofuatwa na b, d, g, z au v. Kwa hiyo irabu ya "seat" huwa fupi kuliko ya "seed", ingawa ni /iː/ ileile, na inaweza kulingana kwa urefu na ile ya "Sid". Anayepima kwa urefu atapotea. Kinachotofautisha zaidi ni mahali ulimi ulipo.

I ya Kiswahili iko karibu sana na /iː/, kwa hiyo hiyo tayari unayo: tandaza midomo kidogo, irefushe. Ngeni ni /ɪ/. Simama mbele ya kioo, sema i kwa kuivuta, kisha iteleze polepole hadi e bila kukata sauti. Rudia. Safari hii simama ukiwa theluthi ya njia. Midomo isitabasamu, taya lilegee. Hapo ndipo /ɪ/ ilipo. Ukiweka kidole chini ya kidevu, kwenye nyama laini, kwa /iː/ wengi huhisi pamekaza, na kwa /ɪ/ pamelegea.

Sasa jozi, polepole, ukibadilisha mahali na wala si muda: live na leave, sit na seat, fill na feel, it na eat, list na least, ship na sheep. Kisha sentensi hii, ambayo mhudumu au kondakta yeyote anaihitaji: "Please sit in this seat." Mwanzo na mwisho ni /iː/, tatu za katikati ni /ɪ/. Ukiisema sawasawa mara kadhaa utasikia mdomo ukitanda, ukalegea mara tatu, ukatanda tena. Wahudumu wa hoteli nawasihi wakazie "sheet", shuka, kwa sababu /ɪ/ ikiingia hapo neno linageuka tusi.

Na hapa kuna habari njema kwa watu wa Kondoa na Singida. Kirangi kina irabu saba, na ndani ya saba hizo mna i mbili na u mbili. Katika maandishi yake ile i ya pili huandikwa kwa kistari katikati. Kinyaturu nacho kina saba, na Kisukuma pia. Si sauti zinazolingana moja kwa moja na za Kiingereza, lakini tofauti ya aina hii masikio yako yameibeba tangu utotoni. Kama bibi yako alizungumza nawe Kirangi, tafuta maneno mawili ya nyumbani yanayotofautiana kwa i hizo tu, yaseme kwa sauti, halafu nenda moja kwa moja kwenye "live" na "leave". Nimeona vijana walioamini kwamba lugha ya nyumbani inawaharibia Kiingereza. Katika hili inawatangulia.

U inafuata njia ileile, kwa hiyo sitakaa sana. "Fool" na "pool" ni u yetu ikivutwa, midomo imeviringwa. "Full", "pull", "book" na "good" ziko kati ya u na o, midomo imelegea. Teleza kutoka u hadi o, simama theluthi ya njia.

Hatua ya 5: Ukoo wa a

Huu ndio mlima. Chukua maneno manne: hat, hut, heart, hurt. Kwa Watanzania wengi yote manne yanatoka "hat" yenye a ya Kiswahili. Kofia, kibanda, moyo na kuumia vimekuwa kitu kimoja. Jipe wiki kadhaa hapa, na ufanye moja baada ya nyingine.

Anza na "hut", alama yake /ʌ/, kwa kuwa ndiyo iliyo jirani. Sema basi, kisha katisha i ya mwisho: bas. A iwe fupi, kinywa kisifunguke sana. Hiyo inatosha kwa "bus", "cut", "hut", "cup", "love", "Monday".

Kisha "hat", /æ/. Hapa zile begi na benki zinatusaidia. Sema begi, katisha i ya mwisho, halafu shusha taya kidogo bila kuurudisha ulimi nyuma. Sauti inakaa kati ya e na a, kinywa kimefunguka, pembe za midomo zimevutika kidogo. Ukisikia imekuwa a kamili, ulimi umerudi nyuma. Anza tena kutoka begi. Waingereza wa siku hizi, hasa vijana, huisogeza karibu na a, na Wamarekani wengi huibakiza karibu na e. Ukiona spika mbili za kamusi hazikubaliani hapo, hujasikia vibaya.

"Heart", /ɑː/, ni ile aaa anayokuomba daktari anapokutazama koo: taya chini, ulimi nyuma, ndefu. "Park", "car", "father", "half" ziko humo. "Park" na "pack" zisikuchanganye: ya kwanza iko nyuma na ndefu, ya pili iko mbele na fupi.

Imebaki "hurt", /ɜː/, sauti ya nesi na shati iliyokosa sanduku. Haimo katika Kiswahili, haimo hata jirani. Njia ya kwanza: vuta eee ndefu, kisha, bila kugusa midomo wala taya, urudishe ulimi nyuma taratibu hadi sauti iwe nzito, si e tena, si a, si o. Njia ya pili, kwa wanaoshindwa ya kwanza: vuta ooo mbele ya kioo, halafu ilegeze midomo hadi mviringo upotee wote huku sauti ikiendelea. Njia zote mbili zinakutana mahali pamoja, katikati ya kinywa, ulimi haujagusa chochote, midomo imetulia. Tahajia yake hubadilikabadilika: bird, nurse, person, work, learn. Masikio yasidanganywe na macho.

Jozi ambazo ningekupa uzifanye hadi uzichoke ni hizi: first na fast, bird na bad, burn na ban, work na walk. Ya mwisho ina mtego wake. W huanza midomo ikiwa imeviringwa. Kwenye "walk" mviringo unabaki, kwa sababu irabu yake ni o ndefu. Kwenye "work" mviringo lazima uvunjike mara w inapopita. Tazama kioo: kama midomo bado ni duara wakati unafika kwenye k, umetembea badala ya kufanya kazi.

Ukoo mzima ukikaa sawa, sema sentensi hii: "The nurse hung her hat in the hut and parked the cart." Irekodi, isikilize, kisha sikiliza maneno hayo mojamoja kwenye kamusi.

Hatua ya 6: Zinazoteleza

Ai, au na oi hazitakusumbua. Chai, tai na nauli zimeshakuzoeza. Tatizo liko kwa mbili. Moja ni ya "paper". Mtanzania husema e tupu, na "paper" inakuwa "pepper", karatasi inageuka pilipili. Sema neno bei kwa haraka, silabi zake mbili zikiungana kuwa moja, hapo una sauti unayoihitaji. Zoeza wait na wet, gate na get, sail na sell, later na letter.

Nyingine ni ya "coat", "note", "won't". Tunaifanya o tupu, na "I won't" inasikika "I want", yaani kukataa kumekuwa kukubali. Upande wa Uingereza sauti hii inaanzia katikati ya kinywa, pale pale unapotamkia "hurt", kisha midomo inajiviringa kuelekea u. Fanya coast na cost, note na not, halafu urudi kwenye "won't" na "want", kwa sababu hiyo itakugharimu kwenye biashara.

Hatua ya 7: Irabu inayofifia

Irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza haina herufi yake. Huitwa shwa, alama yake /ə/, ni fupi, hafifu, na hukaa kwenye silabi zisizo na mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu huipa haki yake. Kiingereza kina tabia nyingine kabisa: silabi moja inapewa nguvu, zilizo jirani zinafifia. "Banana" si ba-na-na. Ni /ə/, kisha aaa ya katikati yenye nguvu, kisha /ə/ tena. "Teacher", "doctor" na "sugar" zote huishia kwa /ə/, ingawa tahajia inakuonyesha er, or na ar.

Kuitamka ni rahisi: legeza kila kitu, toa sauti fupi. Ugumu uko kwenye kukubali kuipunguza. Wanafunzi wangu wengi huona kama wanaiba sehemu ya neno, na wasomi zaidi ndio wanaosita zaidi, kwa sababu walisifiwa kwa kusoma kila herufi.

Faida yake kubwa iko kwenye kusikia. Chukua "can" na "can't". Mwingereza akisema "We can change dollars", "can" inafifia kuwa /kən/, karibu isisikike, na nguvu inaangukia "change". Akisema "We can't change dollars", "can't" ina aaa ndefu na nzito, na ile t ya mwisho mara nyingi humezwa. Ukiingoja t, utaikosa. Sikiliza irabu: ikififia inawezekana, ikiwa nzito haiwezekani. Nawe ukitaka kusema inawezekana, usiikazie "can", kwa sababu mgeni atahisi unamkatalia. Fanyeni zoezi la vidole vya kuinua kwa sentensi hizi mbili, zikisomwa na watu tofauti.

Vivyo hivyo "to", "of", "for", "and" na "at" hufifia katikati ya sentensi. Hii ndiyo sababu Kiingereza cha redioni kinaonekana kukimbia.

Hatua ya 8: Funga neno

Silabi za Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo tunaongeza moja pale Kiingereza kilipofunga. Tatizo ni kwamba i ya nyongeza mara nyingi huunda neno jingine: "luck" inakuwa "lucky", "hand" inakuwa "handy", "sleep" inakuwa "sleepy", "dirt" inakuwa "dirty". Ukifika mwisho, zuia pumzi palepale kwenye konsonanti. Kwa p na b midomo ibaki imefumba kidogo. Kwa t na d ncha ya ulimi ibaki imegusa juu. Kwa wengi siku chache zinatosha.

Hatua ya 9: Panga wiki yako

Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Tano za kwanza ni za kusikia, tano za mdomo na kioo, tano za kurekodi na kujilinganisha na kamusi. Wiki moja, jozi moja au mbili, basi. Fuata mpangilio huu: i mbili kwanza, ukoo wa a, "can" na "can't", kisha zinazoteleza. Kama kazi yako inakulazimisha, badilisha. Anayepokea wageni aanze na "sheet" na "can't", anayejiandaa na usaili aanze na "work", "first" na "learn". Na darasani asiwepo wa kumcheka mwenzake. Aliyechekwa hurudi kwenye a yake ya zamani na hafungui mdomo tena, hilo nimelishuhudia na sitaki kuliona.

Kila mwisho wa mwezi, rekodi sentensi tano zenye jozi ulizozoeza, ukichagua mwenyewe lipi la kusema kati ya "live" na "leave", "work" na "walk", "paper" na "pepper". Mtumie rafiki anayekijua Kiingereza vizuri, usimwambie ulikusudia nini, aandike alichosikia. Neno aliloandika tofauti na ulilokusudia ndilo unaloanza nalo Jumatatu.